Hivi wapiganaji wa zamani walikuwa wanakula nini kabla ya vita? Maana sisi huku mwaloni bila eneji hatushushi nyavu

#1 Mvuvi wa Giza
Wakuu habari za jioni.

Mimi ni mvuvi wa dagaa, kambi yetu iko upande wa Kayenze, huku Mwanza. Giza hili tulilomaliza juzi (zile siku zisizo na mwezi, ndo tunavua) nikawa nahesabu makopo ndani ya mtumbwi asubuhi tunarudi, watu watano makopo kumi na moja ya eneji, hapo sijagusa kahawa ya kwenye chupa wala tangawizi, na kuna dogo mmoja anatafuna majani ambayo humu siyataji jina maana ni kosa kisheria. Pale mwaloni tunaposhushia samaki kuna mzee anashona nyavu, akatucheka, akasema nyie vijana mnakunywa dawa ya vita kwenda kuvua visamaki urefu wa kidole. Nikamuuliza dawa ya vita ndo ipi mzee? Akasema zamani hakuna watu walioenda kupigana hivi hivi, kila kabila lilikuwa na kitu chake cha kula au kunywa ili mtu asiogope na asisinzie. Alafu akaendelea na sindano yake, hakumalizia.

Ndo nauliza, ni kweli? Walikula nini? Na kilikuwa kinafanya kazi au ni imani tu? Wenye historia shusheni, leo mwezi mkubwa siingii ziwani.

#2 Kisu Butu
Nimekaa siti ya mbele na uji wangu wa ulezi. Endeleeni.

#3 Chuma cha Mabatini
Hii rahisi mkuu. Wanajeshi wa Hitler walikuwa wanapewa chokoleti zina madawa ndani, wanatembea siku tatu hawalali, ndo maana Ufaransa ilianguka kama kibanda cha makuti. Na wale Waviking wa kule kaskazini mwa Ulaya walikuwa wanakula uyoga mwekundu wenye madoa meupe, wakishakula wanavua nguo wanang'ata ngao zao wanaingia vitani uchi kama chizi. Kwahiyo jibu ni ndio, vita vyote vimepiganwa na mateja.

#4 Profesa wa Kijiweni
Chuma umechanganya mafaili mawili na la tatu umeliokota.

Kulikuwa na chokoleti ya Kijerumani inaitwa Scho-Ka-Kola, ilitoka 1935, hiyo ndani yake ilikuwa kakao, kahawa na kola, yani kafeini tu, na mpaka leo inauzwa. Madawa yalikuwa kitu kingine, vidonge vya Pervitin, kila kimoja miligramu 3 za methamfetamini. Kati ya Aprili na Julai 1940 jeshi la Ujerumani lilipelekewa zaidi ya vidonge milioni 35 vya Pervitin na mwenzake Isophan. Askari wenyewe ndo wakavibatiza jina la chokoleti ya vifaru, hapo ndipo mnapochanganya. Lakini kusema Ufaransa ilianguka kwa sababu ya vidonge ni kuwaonea huruma majenerali wa Ufaransa. Na mwaka uliofuata, 1941, Wajerumani wenyewe walivibana kwa sheria ya madawa ya kulevya baada ya kuona watu wanaharibika.

Usidhani ilikuwa upande mmoja pia. Waingereza na Wamarekani walikuwa na Benzedrine, Wajapani walikuwa na Philopon, na vita ilipoisha Japani ikabaki na raia kibao walioshikwa na ile kitu.

Waviking na uyoga: hiyo ni hoja ya msomi wa Sweden, Samuel Ödmann, aliiandika 1784, miaka mia kadhaa Waviking wameshaoza. Masimulizi yao wenyewe ya kale yanataja watu kupandwa na hasira na kung'ata ngao, uyoga hayataji. 2019 akaja mtafiti mwingine akasema si uyoga, ni mmea fulani wa sumu wa jamii moja na mnanaa mnaouogopa huku. Kesho atakuja mwingine aseme ni supu ya mapupu.

#5 Kisu Butu
"si uyoga ni mmea" hahaha. Mnanaa ni ule wa kuweka kwenye chai Profesa. Unaogopa chai?

#6 Profesa wa Kijiweni
Mnanaha. Simu imejirekebisha. Ule unaoota majalalani wenye maua kama tarumbeta. Asante kwa usahihi usioombwa.

#7 Kahawa Mbichi
Mnaenda Ujerumani wakati jibu liko ng'ambo tu ya maji hapo.

Kwetu Bukoba kahawa ilikuwa inatafunwa kabla hajaja mtu kutufundisha kuinywa. Robusta inachumwa bado mbichi, inachemshwa pamoja na majani ya kunukia, inakaushwa, unatafuna na ganda lake. Akamwani. Mgeni akiingia kabla hata ya maji anawekewa punje mbili tatu kiganjani. Wanaume wawili wakifanya urafiki wa damu walikuwa wanagawana buni za tunda moja (mnajua ndani ya tunda ziko mbili), kila mmoja yake inapakwa damu ya mwenzake, damu yenyewe inatolewa karibu na kitovu, wanameza. Baada ya hapo huwezi kumsaliti, hata vitani. Sasa wewe niambie hiyo ni chakula, ni dawa ama ni kiapo? Mimi nasema vyote kwa mkupuo. Na robusta ina kafeini karibu mara mbili ya ile arabika mnayosifia ya Moshi.

Alafu kuna Waoromo wa Ethiopia. Mskoti mmoja James Bruce alipita kule miaka ya 1770 akaandika kwamba wapiganaji wao wakienda safari ndefu ya vita walikuwa wanabeba kahawa iliyosagwa ikafinyangwa na siagi, vidonge vya mviringo ndani ya mfuko wa ngozi, kimoja kinampeleka mtu siku nzima. Mafuta ya kukupa nguvu, kafeini ya kukufumbua macho, hakihitaji moto wala sufuria. Eneji ya kwanza duniani hiyo Mvuvi, na haina kopo la kutupa ziwani.

#8 Kisu Butu
Nilijua tu. Mhaya akiingia kwenye uzi lazima kitu kiwe kimeanzia Bukoba. Bado hajasema senene ndo zilizoshinda vita.

#9 Kahawa Mbichi
Senene ni protini na mafuta mkuu. Sijasema. Wewe ndo umesema.

#10 Rungu la Simanjiro
Kwetu Umasaini hakuna siri, mnatuona tunauza mizizi mpaka stendi ya Nyegezi.

Morani wanaenda porini kwenye olpul, wanachinja, wanakula nyama tu wiki kadhaa, na ile supu inachemshwa na magome na mizizi, mmoja mkubwa unaitwa olkiloriti, jamii ya migunga. Nimeinywa mimi mwenyewe nikiwa na miaka kama kumi na nane. Ni chungu, ulimi unakauka kama umelamba betri. Baada ya hapo mwili unakuwa mwepesi na hasira zinakuwa karibu, mtu akikugusa bega unataka kujua kwanini. Wapo wanaofika mahali wanatetemeka na kuanguka, wenzao wanawashika. Sasa wazee wangu wawili niliwauliza, mmoja akasema ni mizizi, mwingine akasema mizizi gani, ni ujana na nyama nyingi, hata ukinywa supu tupu ukiwa na wenzako ishirini mnaimba usiku utatetemeka tu. Mimi niliyekunywa bado sijui nani mkweli.

#11 Chuma cha Mabatini
Rungu hiyo ya stendi mbona mnatuambia ni ya nguvu za kiume? Leo imekuwa ya vita?

#12 Rungu la Simanjiro
Inategemea vita yako iko wapi.

#13 Kisu Butu
😂😂😂 uzi ufungwe

#14 Bint Ukara
Usifungwe, nina swali. Posti kumi na tatu zote majani, mizizi, vidonge. Hao watu walikuwa hawashibi? Aliyepika ni nani, aliyebeba ni nani?

Bibi yangu alikuwa akisikia mtu anasafiri, kitu cha kwanza ni michembe. Viazi vitamu vinakatwa vibichi vinaanikwa juani mpaka vinalia kama mbao. Au matobolwa, hivyo vinachemshwa kwanza ndo vinaanikwa, vinakuwa vitamu vya kutafuna njiani bila kupika. Weka na karanga. Vinakaa miezi haviozi, ni vyepesi, sukari yake inatoka pole pole. Mtu mwenye matobolwa mfukoni anatembea toka alfajiri mpaka jioni. Kwangu mimi hiyo ndo silaha, hayo mengine ni mbwembwe za kupandisha mori dakika kumi za mwisho.

#15 Mvuvi wa Giza
Dada Bint Ukara hapo umegusa. Sisi tukiingia na ugali wa kutosha na dagaa wa kukaanga makopo yanapungua, hilo nimeliona kwa macho. Njaa inajifanya usingizi.

#16 Profesa wa Kijiweni
Naunga mkono dada. Mabondia wa upanga wa Roma, wale wa kuuana uwanjani, walikuwa wanaitwa kwa utani wala shayiri. Sio wala nyama. Shayiri na maharage, na baada ya mazoezi wananywa maji yenye majivu ya mimea. Mifupa yao iliyofukuliwa Efeso kule Uturuki ilipimwa, 2014 majibu yakatoka, ikaonekana kweli chakula chao kikubwa kilikuwa nafaka na mikunde. Makande bila chumvi kwa lugha nyingine.

Na askari wa kawaida wa Roma kinywaji chake kilikuwa siki iliyochanganywa na maji. Siki! Hakuna raha yoyote pale, ila haikupi kuhara kama maji ya mtoni.

Wamongoli nao, Marco Polo anasema walikuwa wanaweza kwenda siku kumi bila kuwasha moto, wanatoboa mshipa wa farasi wanakunywa damu, na wanabeba maziwa yaliyokaushwa wanayakoroga na maji. Rungu hapo lazima anatabasamu.

#17 Rungu la Simanjiro
Farasi? Hapana. Ng'ombe.

#18 Ngosha Mtulivu
Mwangaluka wote.

Mnasahau jirani zetu. Mtemi Mirambo wa Unyamwezi, aliyefariki 1884, jeshi lake lilikuwa na vijana wa kukodi wanaitwa rugaruga. Wazungu waliopita wakati ule wameandika kwamba hao vijana walikuwa wanavuta bangi, wanavaa vitu vya kutisha, wengine mapambo ya viungo vya watu. Mirambo alipigana na Waarabu wa Tabora akawafungia njia ya biashara. Kwahiyo ukiniuliza mimi, hapo palikuwa na majani, na yalifanya kazi.

#19 Mwalimu Asiyefundisha
Ngosha ngoja kwanza. Nani ameandika? Wageni ambao misafara yao ilikuwa inatozwa hongo na hao hao rugaruga. Ukiporwa huwezi kuandika nyumbani kwamba umeporwa na kijana mwenye akili timamu aliyepanga vizuri, utaandika umeporwa na mvuta bangi.

Mimi nikisoma hizi habari naona mchezo mmoja unajirudia. Wale Waismaili wa milimani Uajemi na Syria waliokuwa wanaua wakubwa, wapinzani wao wakawaita wala hashishi, yani bangi, na jina hilo likaenda mpaka Ulaya likawa neno la muuaji, lakini ushahidi kwamba walikuwa wanaivuta kabla ya kazi haupo, na jiulize mtu anayetakiwa kukaa miezi amejificha ndani ya nyumba ya waziri akisubiri nafasi atafanyaje hiyo kazi akiwa amelewa? Isandlwana 22 Januari 1879 Wazulu wakawachapa Waingereza wenye bunduki za kisasa, na yakatafutwa maelezo: walinusa kitu, walikula kitu. Kwani haiwezekani walipigana vizuri tu?

#20 Chuma cha Mabatini
Kwahiyo Wazulu hawakutumia chochote? Hiyo chai.

#21 Mwalimu Asiyefundisha
Walitumia. Walinyunyiziwa dawa inaitwa intelezi, na kabla ya vita vikosi vilitapishwa, watu wanakunywa dawa wanatapika kwenye shimo moja, kuwafunga wawe kitu kimoja. Yani wewe unatafuta walichokula, wao walikuwa wanatoa walichokula.

#22 Kisu Butu
Nimeweka uji pembeni.

#23 Mzee Kigongo
Vijana hamjambo. Nimesoma kimya kimya toka juzi.

Mwalimu anasema kweli kiasi, Ngosha naye asidharauliwe. Dawa ya vita haikuwa lazima ipande kichwani. Mwaka 1905 Kinjikitile Ngwale pale Ngarambe aligawa maji, maji matupu yenye mtama na mafuta, watu wakaambiwa risasi za Mjerumani zitageuka maji. Hakukuwa na kilevi pale. Yeye mwenyewe alinyongwa Agosti 1905 vita ikiwa ndo imeanza, na bado vita ikaenda mpaka 1907, kabila baada ya kabila. Kama ingekuwa kilevi kingewatoka baada ya siku moja.

Na nyie wa huku mna mfano wa karibu ila wengi hamjazaliwa. Sungusungu, mwanzoni mwa miaka ya themanini. Wizi wa ng'ombe ulikuwa umezidi Usukumani na Unyamwezini, watu wakajipanga na ntemi wao na katikilo, pinde, mishale, filimbi. Mimi nilichanjwa. Chale hapa kifuani na hapa kwenye mkono. Sikunywa kitu chochote zaidi ya uji wa mtama. Lakini filimbi ikilia usiku wa manane nilitoka mbio mbele ya watu ambao mchana nisingethubutu kuwaangalia. Mke wangu, Mungu amrehemu, alikuwa ananiuliza ile dawa imeisha lini, nikawa namwambia haijaisha. Sasa niko na miaka zaidi ya sabini, mbwa akibweka nje nanyanyua kichwa.

#24 Mvuvi wa Giza
Shikamoo mzee. Hiyo imenipa kitu cha kufikiria.

#25 Mzee Kigongo
Marahaba mwanangu.

#26 Nesi wa Zamu ya Usiku
Mimi nitaongelea upande wa mwili maana imani siiwezi.

Ndani ya kichwa kuna kitu kinaitwa adenosini, kinajikusanya kadri unavyokaa macho, ndo kinakuambia umechoka lala. Kafeini inakuja inakalia kiti cha adenosini. Uchovu haujaondoka, umesimama mlangoni unasubiri kiti. Kafeini inachukua kama saa tano kupungua nusu, ikitoka tu uchovu wote unaingia kwa pamoja, ndo pale mnaanguka usingizi saa kumi na moja alfajiri mtumbwi unakaribia ufukweni. Kopo dogo la mililita 250 mara nyingi lina kama miligramu 80. Mtu mzima mwenye afya anashauriwa asizidi 400 kwa siku. Wanajeshi wa Marekani wana bazoka maalum, kidonge kimoja cha kutafuna ni miligramu 100, na wanapangiwa muda, sio kila mtu anajipigia tu.

Vile vidonge vya Profesa ni mnyama mwingine, vinakamua ubongo utoe akiba yote kwa mkupuo, njaa inakata, woga unakata, akili ya kusema basi inakata. Kuna Mfini mmoja Aimo Koivunen, Machi 1944 wanakimbizwa na Warusi kwenye theluji, yeye ndo alibeba vidonge vya Pervitin vya kikosi kizima, kwa glavu nene akashindwa kutoa kimoja akamimina vyote mdomoni, thelathini. Akapoteza fahamu huku anaendelea kuteleza na skii. Amezunguka zaidi ya kilomita 400 peke yake, amekula machipukizi ya msonobari na ndege mmoja mbichi, alipofikishwa hospitali mapigo ya moyo yalikuwa 200 kwa dakika na uzito kilo 43. Alipona, aliishi mpaka 1989. Lakini msome hapo, yule ni mmoja aliyepona ndo maana tunamjua jina.

Na niliwahi kumpokea kijana wa visiwani, makopo manne na pombe kali juu yake, moyo unakimbia unaruka ruka kama dagaa kwenye karai. Kila dakika ananiuliza nesi nakufa? Hakufa. Ila lile jicho lake silisahau.

#27 Chuma cha Mabatini
Pombe kali nayo ilikuwa ya vita lakini. Nakumbuka viroba kabla havijapigwa marufuku Machi 2017, mtu anabana kimoja kwenye shavu anaruka majini usiku.

#28 Profesa wa Kijiweni
Ni kweli pombe ndo imepigana vita vingi kuliko kitu chochote. Jeshi la majini la Uingereza lilianza na ramu 1655 na likagawa kila siku mpaka tarehe 31 Julai 1970, watu wakavaa vitambaa vyeusi mikononi kana kwamba wamefiwa. Warusi kuanzia Septemba 1941 askari wa mstari wa mbele ni gramu 100 za vodka kwa siku. Sio ya kuongeza nguvu. Ni ya baridi na ya kusahau ulichokiona jana.

Na kwa kuwa tuko hapa: wakati wa Vita ya Kwanza, kabla na baada ya Waingereza kuichukua Mwanza Julai 1916, jeshi la Wajerumani chini ya Lettow-Vorbeck lilikatika dawa ya malaria, wakawa wanachemsha magome ya mkwinini wanakunywa. Maji machungu mpaka yakabatizwa jina la pombe, Lettow-Schnapps. Kinywaji hakilevyi, hakichangamshi, kinakufanya ukunje sura, lakini bila hicho homa ingewamaliza kabla ya adui. Mimi nikiulizwa kinywaji muhimu cha vita Afrika Mashariki nataja hicho.

#29 Kahawa Mbichi
Kwahiyo sasa ni shibe, ni kafeini, ni imani, ni pombe au ni kutoumwa? Kila mtu kaja na lake.

#30 Ngosha Mtulivu
Na bangi, msiitoe bangi kisa Mwalimu kakasirika.

#31 Mwalimu Asiyefundisha
Sijakasirika. Lete mtu aliyekuwa rafiki wa Mirambo akaandika hivyo, nitakubali.

#32 Kisu Butu
Mimi nina swali la uzalendo. Ile vita ya Kagera 1978 ndege ya Amin ilidondosha bomu kisiwani Saanane, wale swala waliokufa walikuwa wamekula nini?

#33 Mzee Kigongo
Mwaka ulikuwa 1979, Machi, na ndege haikuwa ya Amin, ilikuwa ya Libya, Tu-22, Gaddafi alimtumia rafiki yake msaada. Ililenga Mwanza ikakosa. Ile ya Waganda wenyewe kurusha mabomu Mwanza na Bukoba ni ya 1972. Swala walikuwa wamekula majani.

#34 Bint Ukara
Rubani ndo aulizwe alikula nini. Kulenga mji mzima akapiga mbuga ya wanyama?

#35 Kisu Butu
Huyo alikunywa ile supu ya Rungu.

#36 Mwanaapolo wa Sikonge
Nimechelewa. Mmesahau asali, na mimi natoka kwenye asali.

Karibu miaka 2400 iliyopita jeshi la Wagiriki kama elfu kumi likitokea Uajemi lilifika milima ya karibu na Trabzon, Uturuki ya leo, wakakuta mizinga, wakala. Kiongozi wao Xenophon ameandika mwenyewe: waliokula kidogo wakawa kama walevi, waliokula sana kama vichaa, wakalala chini kama jeshi lililopigwa. Siku ya tatu ya nne wakaanza kuinuka. Hakufa mtu. Nyuki wa kule wanachukua maua ya mti fulani wenye sumu. Karne kadhaa baadaye wenyeji wa hapo hapo wakawategea Warumi wa Pompey mabakuli ya asali njiani, askari wakaramba, wakalegea, wakachinjwa. Kwahiyo kuna chakula cha kumla adui pia, sio kila siku unakula wewe.

Ya Tabora na Sikonge ni salama. Anayetaka lita moja aje pembeni.

#37 Profesa wa Kijiweni
Huyu kaja kuuza asali kapitia kwa Xenophon. Heshima yako.

#38 Nesi wa Zamu ya Usiku
Mvuvi kabla hujaenda giza linalokuja, jaribu kitu. Lala mchana kweli kweli, chumba cheusi, simu mbali. Kula. Kopo moja saa nne usiku basi. Uje utuambie.

#39 Mvuvi wa Giza
Sawa nesi. Giza linaanza wiki ijayo. Bint Ukara michembe ya sasa hivi inapatikana wapi hapa mjini?

#40 Bint Ukara
Soko la Kirumba wanakuwepo akina mama, waulize matobolwa usiwaulize michembe, ya kutafuna ni matobolwa. Ukinunua michembe utavunja jino alafu uje kulaumu.

#41 Mvuvi wa Giza
Wakuu nimerudi, siku tisa zimepita.

Usiku wa kwanza nilifuata alichosema nesi. Nililala mchana saa sita nzima. Nikabeba matobolwa na karanga, na kahawa za kutafuna, jamaa wa meli ya Bukoba aliniletea kimfuko (Kahawa Mbichi, chungu ile kitu, ila nimeipenda). Tukawasha taa, tukasubiri. Saa nane usiku wenzangu wanafungua kopo la tatu mimi natafuna. Niko macho, mkono hautetemeki. Nikasema leo nimeupata ukweli. Saa kumi upepo ukaja kutoka kusini, mawimbi, tukapambana na mtumbwi kama saa nzima, na hapo nikagundua hakuna hata mmoja aliyekuwa na usingizi, sio mimi wa matobolwa, sio wao wa makopo, sio yule dogo wa majani. Tukapiga kelele wote. Nahodha wetu akaanza wimbo wa Kisukuma ambao hata hatuujui vizuri tukaitikia hivyo hivyo.

Asubuhi nikamsimulia yule mzee wa nyavu. Akaniuliza tulipata ndoo ngapi.

#42 Kisu Butu
Mlipata ngapi?

#43 Mvuvi wa Giza
Kumi na nne.

#44 Chuma cha Mabatini
Ndoo leo bei gani hapo mwaloni? Nina mteja Shinyanga.